Ali na Tyson wangepigana, nani angeshinda? Jibu lina somo kwa mzazi

Na Mwandishi Wetu, Kigwa

Kigwa. Ubishi wa Muhammad Ali na Mike Tyson hauzeeki. Utaukuta kijiwe cha bodaboda, utaukuta kibanda umiza, na jioni utaukuta nyumbani, baba na mtoto wa darasa la saba wamemaliza ugali na bado hawajamaliza maneno. Swali ni lilelile: Ali akiwa kwenye ubora wake na Tyson akiwa kwenye ubora wake wangekutana ulingoni, nani angeshinda?

Hapa Kigwa, wilayani Uyui, mkoani Tabora, kambi zimegawanyika kwa umri. Wazee ni wa Ali. Walimjua kwa redio na kwa picha za magazeti yaliyofika kwa treni. Vijana ni wa Tyson, kwa sababu vipande vyake vifupi ndivyo vinavyozunguka kwenye simu: kengele inalia, sekunde kadhaa zinapita, mtu yuko chini.

Nilikuwa kijijini kwa habari nyingine, ya kliniki ya watoto, nilipoukuta ubishi huo ukiendelea. Pembeni alikuwepo mama mmoja akisikiliza. Aliniuliza swali ambalo wabishani hawakuliuliza. Mwanawe wa miaka 12 ameanza kupigana ngumi na wenzake nyuma ya nyumba, mikono imefungwa matambara, mmoja anajiita Ali na mwingine Tyson. Amwache au amkataze?

Makala haya yanajibu maswali yote mawili. La kwanza kwa sababu ni tamu. La pili kwa sababu jibu lake limo ndani ya lile la kwanza.

KOMPYUTA ILIWAHI KUULIZWA

Kubashiri pambano lisilowezekana si jambo jipya. Mwishoni mwa miaka ya 1960, mtayarishaji wa vipindi wa Marekani aitwaye Murray Woroner aliingiza kwenye kompyuta takwimu za mabingwa wa zamani wa uzito wa juu, kisha akaiuliza nani angemshinda nani. Pambano lililovuta watu zaidi lilikuwa la Ali na Rocky Marciano, bingwa aliyestaafu mwaka 1956 akiwa ameshinda mapambano yote 49 bila kupoteza hata moja.

Woroner hakuishia kwenye takwimu. Aliwaita mabondia wenyewe Miami, wakavaa glovu na kuigiza raundi nyingi fupi mbele ya kamera. Wakati huo Ali alikuwa amefungiwa kwa kukataa kwenda jeshini wakati wa vita ya Vietnam. Marciano, aliyekuwa na miaka 45, alipunguza uzito na kuvaa nywele za bandia ili afanane na zamani. Alifariki kwa ajali ya ndege Agosti 31, 1969, kabla filamu haijatoka.

Januari 1970 filamu ilionyeshwa kwenye kumbi za sinema. Kwa mujibu wa kompyuta, Marciano alimwangusha Ali raundi ya 13.

Mashabiki wa Ali hawakukubali, na walikuwa na hoja. Kompyuta inajua namba ulizoipa tu. Ubora wa bondia una tarehe yake, na usipotaja tarehe, unabishana na hewa.

ALI YUPI, TYSON YUPI?

Basi tutaje tarehe. Ali wa kuchukua ni yule wa Novemba 14, 1966, mjini Houston, aliyemmaliza Cleveland Williams raundi ya tatu. Alikuwa na miaka 24 na uzito wa kilo 96 hivi. Miguu yake ilikuwa haitulii, na kichwa kilirudi nyuma kila ngumi ilipokaribia. Wengi wanaofuatilia ngumi wanaona huo ndio usiku wake bora kuliko yote.

Tyson wa kuchukua ni yule wa Juni 27, 1988, Atlantic City, aliyempiga Michael Spinks kwa sekunde 91. Zilikuwa zimebaki siku tatu atimize miaka 22. Alikuwa na kilo 99, ameshinda mapambano 35 kati ya 35, na 31 kati ya hayo kwa KO. Miaka miwili kabla, Novemba 22, 1986, alikuwa amevunja rekodi ya kuwa bingwa wa dunia wa uzito wa juu mwenye umri mdogo kuliko wote, akiwa na miaka 20 na miezi minne.

Ali alikuwa na urefu wa sentimita 191. Tyson alikuwa na sentimita 178. Mikono ya Ali, ukiinyoosha na kupima ncha hadi ncha, ilifika sentimita 198. Ya Tyson ilikuwa sentimita 180. Kwa lugha ya kijiweni, Ali anaweza kukugusa usoni wakati wewe bado unatafuta njia ya kumfikia.

Kuna suala la raundi pia. Ali alipigana enzi za raundi 15. Tyson alikuta zinaelekea 12. Sababu ya kupunguza ni ya kiafya: Novemba 1982, bondia wa Korea Kusini, Kim Duk-koo, aliangushwa raundi ya 14 na Ray Mancini kule Las Vegas, akafariki siku chache baadaye kwa majeraha ya ubongo. Baraza la Ngumi la Dunia, WBC, lilipunguza raundi hadi 12, na mashirika mengine yakafuata. Sisi tuwape raundi 12, ili Tyson asionewe.

NAMNA AMBAVYO LINGEKWENDA

Vijana wa Tyson wana ushahidi mzuri. Ali alikuwa na tatizo na ngumi ya pembeni ya mkono wa kushoto. Mwaka 1963 Henry Cooper wa Uingereza alimwangusha kwa ngumi hiyo. Machi 8, 1971, Joe Frazier alimwangusha kwa ngumi hiyo hiyo raundi ya 15 na kumshinda kwa pointi. Frazier alikuwa mfupi kuliko Ali, anayeinama, anayesogea mbele kila sekunde. Ukitafuta bondia wa enzi za Ali anayefanana na Tyson, ni huyo. Na Tyson alikuwa na mikono yenye kasi kuliko Frazier.

Wazee wa Ali nao wana ushahidi. Frazier alimpata Ali aliyetoka kifungoni, miaka mitatu na miezi saba bila pambano, miguu imepoteza kasi. Ali wa 1966 hakusimama pale ambapo ngumi hiyo ingempata.

Tena, angalia waliomsumbua Tyson. Mwaka 1987 James Smith alimkumbatia usiku kucha wakafika raundi ya 12 wote wamesimama. Februari 11, 1990, Tokyo, James “Buster” Douglas alimdonoa usoni kwa mkono mrefu wa kushoto raundi baada ya raundi, akamkumbatia kila alipoingia ndani, na akamwangusha raundi ya 10. Douglas alikuwa mrefu wa sentimita 192. Alifanya yale ambayo Ali aliyafanya kwa miaka mingi, tena Ali aliyafanya kwa kasi zaidi.

Utabiri wangu ni huu. Raundi nne za mwanzo ni za hatari kubwa kwa Ali, na nisingeshangaa kumwona ameketi sakafuni mara moja. Akiinuka, pambano linabadilika. Ushindi mwingi wa Tyson wa KO ulipatikana mapema. Kuanzia raundi ya sita, ngumi ya kudonoa inamvimbisha jicho Tyson, kukumbatiwa kunamchosha mabega, na hasira inaanza kumharibia mpango. Ali anashinda, ama refa anasimamisha raundi ya 10 au 11, ama kwa pointi.

Lakini badilisha tarehe. Mchukue Ali wa Oktoba 1975, yule wa Manila, mpambanishe na Tyson huyohuyo wa 1988. Hapo nampa Tyson.

Ni mtu mmoja, jina lilelile. Katikati imepita miaka tisa. Kilichobadilika ni kipi? Hapa ndipo ukurasa wa familia unapoanza kazi yake.

ALI WAWILI

Kulikuwa na Ali wawili. Wa kwanza alishinda kwa kutopigwa. Wa pili, baada ya miguu kupungua kasi, alishinda kwa kuvumilia kupigwa.

Tunampenda zaidi yule wa pili. Oktoba 30, 1974, Kinshasa, alfajiri, aliegemea kamba na kumwacha George Foreman ampige hadi Foreman akachoka, kisha akamwangusha raundi ya nane. Afrika nzima ilishangilia. Mwaka uliofuata, Manila, yeye na Frazier walipigana hadi kocha wa Frazier, Eddie Futch, akakataa kumruhusu mtu wake atoke kwa raundi ya 15. Ali baadaye alilielezea pambano hilo kuwa ndilo lililomfikisha karibu zaidi na kifo.

Hata mazoezini aliwaacha wenzake wampige, akiamini anaukomaza mwili. Misuli hukomaa kwa mazoezi. Ubongo haukomai kwa kupigwa.

Daktari wake wa ulingoni, Ferdie Pacheco, alimsihi aache. Baada ya pambano la Earnie Shavers mwaka 1977, vipimo vilionyesha figo za Ali zina shida. Pacheco alieleza kwamba alituma taarifa kwa Ali na kwa watu wake wa karibu, mke wake akiwemo, na hakujibiwa. Akajiondoa kwenye timu.

Tanzania ilimwona Ali kwa macho mwaka 1980. Februari mwaka huo, Rais Jimmy Carter wa Marekani alimtuma Dar es Salaam kushawishi nchi yetu isusie Olimpiki ya Moscow. Mwalimu Nyerere, aliyesoma hapa Tabora, hakumpokea, na Tanzania ilikwenda Moscow, ambako Filbert Bayi na Suleiman Nyambui walileta medali za fedha. Ali wa ziara ile alikuwa na miaka 38 na alikuwa amestaafu.

Miezi minane baadaye alirudi ulingoni. Kabla ya hapo alipimwa kwenye kliniki ya Mayo, Marekani, na ripoti ikataja dosari ndogo katika kutamka na katika kuratibu mwili. Leseni ilitoka hata hivyo. Oktoba 2, 1980, Larry Holmes, aliyewahi kuwa mwenzake wa mazoezi, alimpiga raundi 10 mfululizo hadi kona yake ikasalimu amri. Desemba 11, 1981, alipigana mara ya mwisho na kushindwa kwa pointi na Trevor Berbick.

Jina hilo lishike. Berbick huyo ndiye aliyevuliwa ubingwa na Tyson mwaka 1986, kwa raundi mbili tu. Ndiyo njia mojawapo ambayo Ali na Tyson walikaribiana ulingoni: kupitia mtu wa tatu.

Mwaka 1984, akiwa na miaka 42, Ali alitangaziwa ugonjwa wa Parkinson. Katika ugonjwa huu, seli za ubongo zinazotengeneza kemikali iitwayo dopamini hufa polepole. Mikono hutetemeka, mwendo hupungua, sauti hufifia, uso hukosa tabasamu. Aliishi nao zaidi ya miaka 30 hadi alipofariki Juni 3, 2016, akiwa na miaka 74.

Tuwe waangalifu hapa. Watu wasiojua hata glovu nao hupata Parkinson, na baadhi ya madaktari waliomtibu Ali walisema wake ulikuwa ule wa kawaida. Wengine wanaamini ngumi zilichangia. Ambalo halina ubishi ni kwamba kupigwa kichwani mara nyingi kwa miaka kunaweza kuharibu ubongo wa bondia. Daktari Harrison Martland wa Marekani aliandika kuhusu mabondia wanaoyumba na kusahausahau tangu mwaka 1928.

TYSON NAYE ALIKUWA WAWILI

Vijana wanaotazama vipande vya Tyson kwenye simu huona ngumi tu. Warudishe nyuma watazame kichwa. Kocha wake Cus D’Amato alimfundisha kuweka mikono usoni na kuyumbisha kichwa kushoto na kulia bila kukoma, hata kabla ya kurusha ngumi. Tyson wa miaka 20 alikuwa mgumu mno kumpata kichwani.

D’Amato alifariki Novemba 1985. Mwishoni mwa 1988 Tyson alimwondoa kocha Kevin Rooney, aliyeendeleza mafunzo hayo. Kichwa kikaanza kutulia. Miezi 14 hivi baadaye, Douglas alikipata.

Kwa hiyo kambi zote mbili za Kigwa, ya wazee na ya vijana, zinashangilia kitu kimoja bila kujua. Ali bora na Tyson bora, kila mmoja alikuwa mgumu kupigwa kichwani. Siku ulinzi huo ulipopungua, ubora uliondoka nao.

KIBUYU HAKIPASUKI, LAKINI NDANI JE?

Mzazi anayesukasuka maziwa kwenye kibuyu ataelewa haraka. Kibuyu hakipasuki. Ukikitazama kwa nje ni kilekile. Lakini yaliyomo yamekwenda mbele na nyuma, yakagonga kuta, na siagi imejitenga.

Ubongo ni laini na umekaa ndani ya fuvu ukiwa umezungukwa na maji. Ngumi ikitua, fuvu husimama ghafla au kuzunguka ghafla, na ubongo huchelewa kufuata. Hujivuta, hujipinda, na nyuzi ndogo zinazounganisha seli huumia. Huo ndio mtikisiko wa ubongo. Mtu si lazima azimie, wala hakuna jeraha litakaloonekana.

Hatari nyingine ni mshipa kukatika na damu kuvuja polepole kati ya ubongo na fuvu. Huyu anaweza kuongea, akatembea, akacheka, kisha saa kadhaa baadaye akaanguka.

Afrika Mashariki inalo jina la kukumbuka. Robert Wangila wa Kenya alishinda dhahabu ya ngumi kwenye Olimpiki ya Seoul mwaka 1988. Julai 22, 1994, Las Vegas, refa alisimamisha pambano lake na David Gonzalez raundi ya tisa. Wangila alilalamika kwamba amesimamishwa mapema. Muda mfupi baadaye alianguka kwenye chumba cha kubadilishia nguo. Alifanyiwa upasuaji, na Julai 24 akafariki. Alikuwa na miaka 26.

Ukimwona mtoto amepigwa kichwani na anakwambia yuko sawa, mkumbuke Wangila. Aliyeumia ubongo si shahidi wa kuaminika wa hali yake.

Wazazi wengine huniuliza kuhusu kofia ya mazoezi. Kofia hupunguza michubuko na kupasuka ngozi. Haiwezi kuuzuia ubongo usitikisike ndani ya fuvu. Glovu nazo kazi yake kubwa ni kulinda mkono wa anayepiga. Matambara ya nyuma ya nyumba hayalindi yeyote.

Ubongo wa mtoto, zaidi ya hapo, bado unajengwa, na akipata mtikisiko anaweza kuchelewa kupona kuliko mtu mzima. Ndiyo maana mwaka 2011 vyama vya madaktari wa watoto vya Marekani na Kanada vilitoa tamko la pamoja kupinga watoto na vijana kushiriki ngumi.

HATA MPAGAZI ALITUA MZIGO

Najua neno litakalosemwa kijiweni: mtoto wa kiume lazima avumilie. Kwa Tabora neno hili lina mizizi. Hapa ndipo walipotoka wapagazi wa Kinyamwezi waliobeba pembe na vitambaa kati ya bara na Bagamoyo, kila mmoja na mzigo wa kilo 30 hivi, kwa miezi. Uvumilivu wao ulijulikana hadi ng’ambo.

Lakini misafara ile ilikuwa na vituo. Kigwa kilikuwa kimojawapo, mahali ambapo msafara ulipumzika kabla ya kufika Kwihara na Tabora. Stanley alipita njia hiyo mwaka 1871. Mpagazi hodari hakuwa yule asiyetua mzigo. Alikuwa yule aliyejua pa kuutua ili kesho aubebe tena.

Mtoto aliyetikisika ubongo anahitaji kituo hicho. Siku hiyo hiyo atoke mchezoni, hata kama timu yake inafungwa. Siku moja hadi mbili za mwanzo apumzike, apunguze simu na televisheni. Baada ya hapo arudi taratibu kwenye masomo, kisha mbio nyepesi. Michezo ya kugongana ije mwisho, dalili zote zikiwa zimekwisha na mtaalamu wa afya ameridhika. Akipigwa tena kabla ubongo haujapona, madhara yanaweza kuwa makubwa kuliko ya mara ya kwanza.

Na hili haliwahusu mabondia pekee. Kijijini watoto wengi watajigonga kichwa bila hata kuona ulingo: wameanguka kwenye mwembe, wamedondoka kwenye bodaboda, wamegongana vichwa kwenye chandimu. Kanuni ni ileile.

MWANAO AKITAKA NGUMI

Kwa yule mama wa Kigwa, na kwa mzazi mwingine mwenye swali lake, ushauri ni huu.

Mchezo wa nyuma ya nyumba usimamishwe leo, kwa upande wa kupigana vichwani. Usimamishwe bila kumdhalilisha mtoto. Ana nguvu, ana ndoto, na Tanzania imezaa mabondia wa maana, kuanzia Titus Simba aliyeleta medali ya fedha ya Jumuiya ya Madola mwaka 1970 hadi Hassan Mwakinyo aliyemshangaza Sam Eggington nchini Uingereza mwaka 2018. Kumwambia kwamba ngumi ni uhuni kutamfanya ajifiche tu.

Mpe sehemu ya ngumi isiyogusa kichwa. Kuruka kamba, kukimbia, kupiga gunia lililojazwa matambara, kufundishwa hatua za miguu, kupigana na kivuli. Hiyo ndiyo sehemu kubwa ya mazoezi ya bondia yeyote, na ndiyo iliyomjenga Ali wa 1966. Inampa pumzi, nidhamu na usingizi mzuri wa usiku.

Kama kuna kocha, nenda ukamwone kabla ya mtoto. Muulize mambo manne. Watoto wa umri huu wanapigana kichwani? Nani anaamua mtoto atoke akiumia, na je, mtoto anaruhusiwa kusema inatosha bila kuchekwa? Mara ya mwisho mtoto alipopigwa vibaya, alikaa nje siku ngapi? Kituo cha afya kilicho karibu ni kipi, na usafiri upo? Kocha mzuri hatachukia maswali haya. Eddie Futch alimzuia Frazier, mtu mzima na bingwa wa zamani, asitoke kwa raundi moja iliyobaki, na heshima yake iliongezeka.

DALILI ZA KUKIMBILIA HOSPITALI

Hifadhi sehemu hii kwenye simu yako. Mtoto aliyegongwa kichwani apelekwe kituo cha afya haraka, na akihitajika afikishwe hospitali ya rufaa ya mkoa, ambayo kwa Tabora ni Kitete, ukiona lolote kati ya haya:

– Amezimia, hata kwa sekunde chache.
– Anatapika zaidi ya mara moja.
– Kichwa kinamuuma na maumivu yanazidi.
– Amechanganyikiwa, anarudia swali lilelile, hakumbuki kilichotokea.
– Anasinzia kupita kawaida au ni vigumu kumwamsha.
– Degedege.
– Mboni ya jicho moja ni kubwa kuliko ya jingine.
– Mkono au mguu umelegea, au maneno hayatoki vizuri.
– Damu au majimaji yanatoka puani au masikioni.
– Kwa mtoto mchanga, analia bila kunyamazika au anakataa kunyonya.

Usimpe aspirini. Usimpandishe bodaboda peke yake, na kama shingo inamuuma usimzungushe kichwa. Andika saa aliyoumia na dalili ya kwanza uliyoiona, daktari atakuuliza.

Asipokuwa na dalili hizi, anaweza kulala, lakini alale karibu na mtu mzima na umwamshe mara moja au mbili usiku kuona kama anakutambua. Endelea kumwangalia kwa siku mbili. Hasira zisizo za kawaida, kusahau na kushindwa kusoma darasani navyo ni dalili, hata kama mwalimu ataviita uvivu.

Ubishi wa Ali na Tyson usiuache, ni mzuri kwa familia. Ila mwanao akisema Ali angeshinda, muulize Ali yupi. Akisema Tyson, mwambie akuonyeshe kipande ambacho Tyson anakwepa, si kile anachopiga. Mtoto atakayejifunza kutazama mchezo hivyo atajua mapema ambalo mabingwa wengi walilijua wakiwa wamechelewa: mkono ukivunjika hufungwa na kuunga, kichwa hakina spea.